Nilimfuata Kigali Aliyeitikia Jina Langu

Mama Upendo, Rehema, na nyie wengine wote wa pale barazani kwenye cherehani zetu: tangu nirudi mmeniuliza safari ilikuwaje mpaka suruali ya mwalimu mkuu nimeishona mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Haya, naandika, mtasomeana. Mambo ya pasi na tiketi nayaruka kwa sababu hayana ladha yoyote.

Nilikokwenda mnakujua. Nilikwenda Kigali kumchukua Namsifu, mtoto wa mama mdogo wangu, mcheza mpira wa kikapu wa kulipwa, yule ambaye picha yake imebandikwa ofisi ya kijiji Vudee juu ya tangazo la chanjo. Nimemzidi miaka miwili na inchi mbili. Na kama kuna mtu hapo barazani hajui kwamba namwonea wivu, basi ni mgeni. Namwonea wivu tangu nina miaka kumi na minane, na sasa nina thelathini na miwili. Sikwenda kumpokea tu. Nilikwenda na swali moja, na niliapa sirudi nalo.

Kutoka Vudee hadi Same

Mama mdogo alinipandisha mlimani kwa simu ya maneno matano: "Goti la mdogo wako limekwisha."

Nilimkuta jikoni anachambua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wiki ijayo anacheza mechi ya mwisho, halafu basi, daktari amekataa. Nenda ukamlete."

"Kwa nini mimi?"

"Wewe si ndiye mkubwa wake?"

Ukubwa wangu hukumbukwa panapokuwa na mzigo. Na mzigo ulikuwapo: maharage, mahindi yaliyokobolewa ya makande, tangawizi ya kujaza kapu, na koti zito la michezo lenye namba kumi na moja mgongoni ambalo Namsifu alimtumia mama yake zamani. "Vaa hili, huko njiani kuna baridi," mama mdogo akasema. Nilivaa. Mshono wa bega ulikuwa umevutwa vibaya, na niliufurahia.

Wakati wa kushuka pikipiki ilipita shuleni, pale tulipojifunzia kucheza. Siku zetu kulikuwa na ringi moja imepigiliwa kwenye nguzo, na mbele yake tawi la mkaratusi limekaa kama mkono wa askari wa barabarani. Ukirusha mpira wa kawaida unagonga tawi. Nikajifundisha mwenyewe kuupandisha juu sana, upite juu ya tawi, ushuke wima ndani ya ringi. Ilinichukua mwaka mzima. Namsifu nilimfundisha kwa wiki tatu, kwa sababu yeye alikuwa na wa kumfundisha. Sasa mkaratusi umekatwa na kuna ringi mbili mpya zenye nyavu. Kwenye ubao pameandikwa kwamba ni zawadi yake.

Sasa nieleze ile siku, maana wengine mnaijua vipande vipande. Kocha mmoja wa shule ya wasichana ya Arusha aliniona kwa mbali kwenye mashindano ya wilaya. Akaandika jina langu, Nakijwa, akaagiza nije uwanjani Same Jumamosi, kuna nafasi moja ya kusomeshwa. Jumamosi hiyohiyo baragumu likalia mlimani: msaragambo, kazi ya kijiji, kuzibua ndiva yetu, lile bwawa linalomwagilia mashamba ya chini. Kila nyumba itoe mtu na jembe. Mama mdogo alikuwa na kichanga, mama yangu yuko kitandani. Basi nikapanga vizuri kama mjinga: mimi nitalima sehemu ya nyumba zote mbili, Namsifu atangulie Same akanishikie nafasi. Nikamvalisha na raba zangu. "Mwambie kocha nakuja saa nane," nikamwambia.

Kwenye msaragambo haitwi mtu, inaitwa nyumba. Mwenyekiti anataja, na yeyote aliyesimama na jembe kwa ajili ya nyumba ile anaitika. Siku hiyo niliitika abee mara mbili. Nilipofika Same kwa lori la mbao ilikuwa saa tisa, kocha ameondoka, na Namsifu amekaa kwenye ngazi za uwanja anazungusha mpira mpya kidoleni. Akasema, "Dada, nimechukuliwa mimi."

Swali langu ni hilo: je, alimwambia kocha? Miaka kumi na minne sijauliza. Akija nyumbani anakuja na wageni, anakuja na mizigo ya zawadi, na mtu ukiuliza jambo kama hilo mbele ya kitenge ulichopewa unaonekana una kijicho. Ninacho, lakini sipendi kionekane.

Same hadi Arusha

Hapa hapana mengi. Basi lilikaa Mwanga saa nzima likimsubiri abiria aliyekwenda kununua nyanya, akarudi bila nyanya, akagombana na dereva kwamba haraka ya nini. Nilisinzia mpaka Moshi.

Arusha nililala kwa binamu yangu, na asubuhi, kabla ya basi la pili, miguu ikanipeleka kwenye ile shule. Sikuwa nimepanga. Nilisimama getini nikatazama uwanja wa sakafu laini, wasichana wanaruka, jozi za raba zimepangwa ukutani kwa mstari. Mlinzi, mzee mwenye adabu, akafungua daftari la wageni.

"Unamtafuta nani, mama?"

"Mtu aliyetakiwa kusoma hapa."

"Jina lake?"

"Nakijwa."

Akapitisha kidole kwenye orodha, ukurasa mzima, akageuza wa pili. "Huyo hatuna."

"Najua, baba. Asante."

Namsifu alikaa pale miaka mitatu. Kutoka hapo Dar es Salaam miaka minne, akilala chumba kimoja na wenzake watano na kucheza kwa nauli tu. Kisha Nairobi msimu mmoja uliomvunja kidole, halafu Kigali, miaka sita, mshahara, nyumba, jina. Mimi katika miaka hiyo nimeshona sare za shule nne. Sisemi ni vibaya. Nasema nilikuwa nazihesabu hatua zake mojamoja, kila hatua nikijiweka mimi, na kila hatua nikimkuta yeye.

Arusha hadi Kahama

Basi lilikata mkanda wa feni kabla ya kufika Singida, mahali penye mawe makubwa na jua la mchana. Konda akasema nusu saa. Mnajua nusu saa ya konda. Tulishuka tukakaa kwenye kivuli cha basi, na kadiri kivuli kilivyosogea na sisi tukasogea.

Nilikuwa nimevaa lile koti, kwa sababu ndani ya basi kulikuwa na upepo. Konda mwenyewe, mtu wa makamo mwenye simu mbili, akanizunguka mara moja, akasoma namba mgongoni, akanipima kwa macho kwenda juu.

"Namsifu!" akaita.

"Abee," nikaitika.

Wallahi sijui ilitokaje. Nafikiri niliitika kwa mazoea, kwa kuwa nyumba yao huitwa ya Mama Namsifu, nami nimeiitikia maisha yangu yote. Ningeweza kusahihisha hapohapo. Lakini yule konda alishageukia abiria: "Nilisema mimi! Huyu ndiye yule dada wa Upareni anayecheza Rwanda! Namfuatilia kwenye simu!" Watu wakasimama. Wakanipa mkono. Mama mmoja Msukuma, mwenye kapu la kuku wa kuchoma, akakata paja zima akaniwekea mkononi.

"Kula, mwanangu. Umetutoa kimasomaso."

Nikala. Lilikuwa paja tamu sana, lina chumvi na ndimu. Niliulizwa maswali nikajibu yote. Kwamba Dar nililala chumba kimoja na wenzangu watano. Kwamba Nairobi nilivunjika kidole. Nilikunja kidole kidogo kuwaonyesha. Mzee mmoja akataka kujua nilianzaje, nikamwambia kulikuwa na tawi la mkaratusi, na hapo kwa mara ya kwanza nilikuwa nasema kweli.

Adhabu yangu ilikuja haraka. Mkanda mpya ulipofungwa, gunia la alizeti lilikuwa limeteleza kwenye keria, na konda akatangaza kwamba hatuhitaji ngazi, tuna mchezaji wa kulipwa. Watu kumi na tano wakanipigia makofi niruke. Niliruka. Mara ya tatu nililidaka gunia likanifuata chini, na alizeti ilinimwagikia mpaka ndani ya sidiria. Yule mama Msukuma alicheka mpaka akakaa.

Tulipoachana Kahama akanishika mikono miwili. "Mungu akulinde magoti, Namsifu," akasema. Nikaona aibu, jamani. Lakini mtaniamini nikisema kwamba hata ndani ya aibu nilimwonea wivu yule mwenye jina, kwa sababu dua ile ilikuwa yake.

Rusumo

Mpakani upande wa pili mwanamke mmoja wa ukaguzi, mpole, alifungua mzigo wangu. Mifuko ya plastiki akaiweka kando, kwao haiingii, nikahamishia tangawizi kwenye kanga. Kisha akakutana na mahindi.

"Mbegu?"

"Makande."

"Makande ni mbegu gani?"

"Ni chakula."

Hakuamini, na kusema kweli mahindi makavu ni mahindi makavu. Akaeleza kwa Kiswahili cha kuokoteza kwamba mbegu zina utaratibu wake. Nikachukua punje moja nikamwekea kiganjani. "Tazama hapa. Yamekobolewa kwa kinu, kiini kimetoka. Hata uyapande kwa maombi hayaoti." Hakuelewa neno kukoboa. Basi nikatia punje kadhaa mdomoni nikatafuna mbichi, mbele ya foleni nzima, nikimtazama machoni. Zilikuwa ngumu nusura jino litoke. Akaangua kicheko, akafunga kapu, akasema neno moja la kwao ambalo dereva alinitafsiria baadaye: "Apite, ana njaa."

Kigali

Kigali magari hupita mkono wa kulia, na mara mbili nilitaka kuingia upande wa dereva. Namsifu alinipokea stendi. Anachechemea. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kuchechemea kwake, na jambo la kwanza nililofikiri, Mungu anisamehe, ni kwamba hata kuchechemea kunampendeza.

"Dada!" Akanikumbatia, akasikia kitu kikichakarika. "Hii ni nini?"

"Alizeti. Usiulize."

Mechi ilikuwa kesho yake mchana. Ukumbi mkubwa, muziki mwingi, na mimi nimekaa na kapu langu katikati ya watu wanaoimba jina la mdogo wangu kwa lafudhi isiyo yetu. Robo tatu za mchezo alikuwa benchi, goti limefungwa. Robo ya mwisho wakamwingiza, ukumbi ukasimama wote. Mpira wa kwanza aliukosa. Wa pili alipewa kule pembeni karibu na mstari, mtu amemsimamia mbele, na nikajua atafanya nini kabla hajajua mwenyewe. Aliupandisha. Ulikwenda juu mno, watu wakaguna, ukapita juu ya tawi ambalo halipo, ukashuka wima. Ringi haikuguswa.

Mkono wangu wa kulia ulikuwa hewani, kiganja kimekunjwa. Sikuuinua, uliinuka.

Mtangazaji akapaza sauti kwa lugha yao. Jirani yangu, kaka mmoja aliyewahi kuishi Ngara, akanitafsiria: "Anasema hakuna mwingine anayerusha hivyo, na hakuna anayejua alijifunzia wapi."

"Mimi najua," nikasema.

Akatabasamu kama mtu anayemsikiliza mtoto. Niliinama nikajifanya natafuta kitu kwenye kapu, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka ayadhanie ya furaha.

Asubuhi iliyofuata nilibandika makande. Mnajua makande hayana haraka. Maharage yalikuwa ya zamani, tukakaa jikoni kwake saa tatu nzima, yeye mguu juu ya stuli na barafu gotini, mimi nakoleza moto. Kwenye saa ya pili nikauliza.

"Namsifu. Siku ile Same. Ulimwambia kocha kwamba nakuja?"

Hakuuliza siku gani.

"Sikumwambia," akasema.

Nikaendelea kukoroga.

"Alifungua daftari akaita, Nakijwa. Nikanyamaza. Akaita tena. Mara ya tatu nikaona atafunga daftari, nikaitika abee." Alikuwa anatazama barafu yake. "Dada, kwetu si ndivyo? Aliyesimama ndiye anayeitikia nyumba. Nilijua nakushikia nafasi."

Sikupenda nilivyomwelewa. Nilijua jinsi abee inavyotoka, na nilijua utamu wa paja linalofuata. Kama si Singida ningemmwagia chungu.

"Na baadaye? Hukusema?"

"Nilisema. Baada ya wiki, wakati wa kuandikishwa. Kocha hakukasirika. Alisema, kumbe wako wawili, basi mlete na huyo mwenyewe, nitamtafutia nafasi."

Kijiko kikasimama chunguni.

"Nikamwambia umeolewa," akasema Namsifu.

Jamani. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Hata mchumba wa kusingiziwa sikuwa naye.

"Nimeolewa na nani?"

"Hakuuliza na nani."

"Kwa hiyo abee uliitikia nyumba. Na ya kuolewa uliitikia nyumba gani?"

Hapo alilia. Akasema aliogopa. Akasema alijua siku nitakayokanyaga pale wataona nani alimfundisha nani. Miaka yote akirusha mpira ule ukiingia anasikia sauti yangu ikimwambia juu zaidi, juu zaidi, na anauchukia mpira wenyewe. "Unafikiri nilikuwa nafurahia?" akaniuliza. "Nilikuwa nakuonea wivu, dada. Wewe ulikuwa unajua bila kufundishwa."

Niliambiwa hivyo na mchezaji wa kulipwa, mwenye nyumba ya vigae, wakati mimi nina alizeti kwenye nguo. Mngetaka niseme kwamba moyo ulikunjuka. Haukukunjuka. Sikumwambia nimekusamehe, na yeye kwa akili zake hakuomba. Makande yalipoiva nilipakua sahani mbili, nikala zote mbili, ndipo nikampakulia yake.

"Utakuja kwenye msaragambo," nikamwambia akiwa anakula. "Miaka kumi na minne nimelima sehemu ya nyumba yenu. Utashika jembe mwenyewe."

"Na goti?"

"Utalima umekaa."

Kurudi, mpaka ndivani

Kurudi tulikuwa wawili na mizigo tisa. Nilimkataza kabisa asivae kitu chenye namba, lakini watu walimtambua tu, na safari hii kuku alipewa yeye. Aliponikatia kipande nilikipokea. Sikusema asante.

Jumamosi ya kwanza baragumu likalia. Tulipanda ndivani alfajiri na majembe yetu, yeye kwa fimbo. Mnayajua yaliyotokea kwa kusikia, ila mmesikia vibaya. Wanasema tulipigana. Hatukupigana.

Mwenyekiti alipomwona alisahau kazi. Kila mtu alisahau kazi. Wazee walimshika kichwa, kina mama walipiga vigelegele, vijana walipiga picha naye akiwa ameshika jembe, na alilishika vibaya, mpini chini ya kwapa. Nilisimama kando kwenye tope, nikawaka wivu upya kama siku ya kwanza. Hata huku, jamani. Hata kwenye tope langu.

Ndipo mwenyekiti akafungua daftari. Akaita nyumba ya mama mdogo. Namsifu akaitika, "Abee!" na mlima mzima ukashangilia, mtu hajawahi kushangiliwa kwa kuwepo kwenye msaragambo. Akaita nyumba nyingine tatu. Kisha akaita yetu, ambayo tangu mama afariki inaitwa kwa jina langu.

"Nakijwa!"

Niliitika. Makelele yakaimeza sauti yangu.

"Nakijwa! Hayupo?" Mwenyekiti akalamba kalamu, akashusha macho kwenye karatasi.

Namsifu alikuwa mbele yangu. Nilimwona akivuta pumzi, nikaona mdomo unafunguka. Labda alitaka tu kusema huyu hapa. Sikusubiri kujua. Nikamshika bega kwa mkono wa tope, nikambana.

"Usiniitikie," nikamwambia.

Akafunga mdomo. Akapiga fimbo yake chini mara mbili, watu wakageuka, wakanyamaza. Mwenyekiti akainua macho.

"Nakijwa?"

"Abee," nikasema.